Badriya Keshasema

Malindi,
Unguja.
Alhamisi, 26 Agosti 1971

Mpendwa mdogo wangu Mwanakheri,

Shikamoo yako imefika, nami naiitikia marahaba kutoka hapa kizingitini nilipokaa kutafuta mwanga. Hujambo wewe? Shemegi Masoud hajambo? Na kile kifua chako, kimepoa au bado unakohoa? Mie huku mzima, ila nimechoka. Usishtuke, si ugonjwa. Ni ule uchovu wa mifupa, mtu analala nao na kuamka nao, hata kuitika "naam" akiitwa anaona kazi.

Usizicheke herufi zangu kwa ukubwa wake. Jicho la kushoto limezidi ukungu, na la kulia nalibana ndiyo nilione tundu la sindano. Kofia iliyokuwa ikinichukua mwezi mmoja sasa inakula miwili, na juzi nimefumua upande mzima kwa kuwa vitobo vilikwenda upogo. Bi Thuwaiba wa ghorofani anasema nipumzike. Nikipumzika atanishonea nani?

Masika yalipita, kipupwe nacho kinamalizika, na Rajabu ndiyo imeingia. Mchele bado ni wa foleni. Nitakueleza habari ya foleni mbele, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Sasa nije kwenye jambo letu. Uliniandikia mwezi wa Mei kwamba shemegi amekubali mumchukue mjukuu wangu Badriya mkamlee huko Mombasa, lakini kwanza mtoto aseme. Akifika Ramadhani hajasema, basi abaki kwangu, kwa sababu nyumba yenu ina watoto sita na hakuna mtu wa kuuguza wa saba. Sikumlaumu. Mtu na mzigo wake anaujua mwenyewe. Nami nilikujibu inshallah, nikaahidi kwamba siku atakayofungua mdomo nitakuandikia.

Nilifurahi, Mwanakheri. Nakwambia kweli mbele ya Mungu, nilifurahi. Nilikaa kitandani nikasema, alhamdulillahi, nitalala. Ni aibu bibi kusema hivyo juu ya mtoto wa binti yake, na binti mwenyewe yuko kaburini, lakini wewe ni damu yangu, nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Unajua Tabia alipotutoka alimwacha huyu na miezi mitano. Baba yake alikwenda Dubai, na tangu hapo hata salamu hatujaipata. Tukabaki wawili, mimi na mtoto, na nyumba ikawa haina maneno. Nikimlisha simsemeshi, nikimwogesha simsemeshi. Kila nikifungua mdomo machozi yanatangulia, na yeye akiniona nalia, analia. Nikaona heri kunyamaza. Akinyoosha kidole kwenye mkate, nshampa. Akitazama mtungi, nshamnywesha. Watu wakija wanamsifu, "Lo, mtoto huyu ana adabu! Hasumbui hata kidogo." Na mie mjinga nikaona ni neema, kwa sababu nilishona kofia zangu nitakavyo. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, wa pili ukapita, mtoto anatembea, anakula, anacheka kidogo, neno hakuna.

Ndipo majirani waliokuwa wakisifu adabu wakaanza kusema bubu.

Bi Thuwaiba alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtoto akaandikiwa kombe la aya kwa zafarani, akanywa Ijumaa tatu. Dua haipotei bure, sisemi neno. Baada ya hapo nilimpeleka kwa daktari. Kijana mdogo, hata ndevu hazijamkaa vizuri. Akampigia makofi nyuma ya kisogo, mtoto akageuka. Akagonga ufunguo kwenye bakuli, akageuka. Akaniambia masikio mazima, ulimi mzima. Halafu akaniuliza, "Bibi, nyumbani mnazungumza naye?"

Nikamjibu, "Nizungumze naye nini, na yeye hajui kusema?"

Alinitazama tu. Nilitembea mpaka nyumbani na lile swali lake, na kila hatua nilikuwa najiona mimi ndiye niliyemfunga mtoto mdomo.

Dawa hakunipa. Aliniambia nikae naye chini nicheze naye, na kila ninachokishika nikitaje. Nilitamani anipe chupa ya dawa niende zangu. Mchezo nitautoa wapi mie, mtu wa miaka hamsini na nane, magoti yanalia kama mlango mbovu? Lakini ahadi yako ilikuwa kichwani. Nikasema, aseme, aende, nami nipumzike. Nilianza kwa nia hiyo, na nataka uijue.

Nilianza na vifuu. Nilimwekea viwili na beseni la maji pale uani, nikawa nachota na kumimina. "Kimejaa. Kitupu. Kimejaa. Kitupu." Siku ya kwanza alinitazama mimi kuliko maji. Nadhani alishangaa kumbe bibi ana sauti. Siku ya tatu akaninyang'anya kifuu, akachota mwenyewe, akajimwagia miguuni, akacheka kicheko cha tumboni. Nguo zilirowa, mkeka ulirowa, na mimi nikarowa, na bado kofia ya watu ilikuwa inanisubiri.

Kisha nikamkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikalia "mee, mee" nikimtembezea mdoli wa matambara niliomshonea. Bi Thuwaiba akachungulia kutoka dirishani juu, "Bi Kidawa, leo umeamka na nini?" Nikamwambia nimeamka na uzee. Alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akashuka, akaleta vifuniko vya chupa na kijiko kibovu, akasema naye atacheza, lakini hakukaa hata robo saa. Alisema kiuno hakimruhusu. Changu je?

Jioni nilikuwa namchukua mpaka Forodhani. Si kununua, kutazama tu. Muhogo ule, pweza yule, miwa ile, taa zile. Namtajia kila kitu kama mtu anayepiga mnada. Mara ya kwanza nilizungumza mpaka sauti ikakauka na mtoto amenishika ukingo wa buibui, kimya. Watu wananitazama, nazungumza peke yangu. Tulirudi nyumbani nikamlaza, nami nikalala na viatu.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni mawe. Nilimwokotea kokoto pwani pale karibu na bandari, nyeupe, nyeusi, nyekundu za matofali yaliyosagika baharini. Nikamfundisha kuzipanga: kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, nyekundu mbali. Wallahi sikuamini macho yangu, tena haya haya mabovu. Kwa wiki mbili akawa hakosei. Anakaa kwenye mkeka saa nzima, anapanga, anapangua, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mama yake alivyokuwa akitia uzi. Neno hasemi.

Usidhani nilikuwa na subira muda wote. Siku moja kofia ilikuwa ya haraka, nimekanyaga kokoto, nikaumia, nikazizoa zote nikazitupa uani, nikamfokea, "Mawe, mawe, mawe! Sema basi, sema niondokane nawe!" Nilisema hivyo. Mtoto hakulia. Alitoka akaziokota moja moja chini ya jua, akaja akazitia mapajani mwangu, akakaa akinisubiri tuendelee. Nililia mimi, yeye akanipangusa kwa upindo wa kanga yake ndogo.

Sasa foleni. Wewe umeondoka siku nyingi, hujui utaratibu wetu wa sasa. Siku ya mchele, watu wakitoka sala ya alfajiri kila mmoja huweka jiwe lake mstarini mbele ya duka, kisha anakwenda zake kuchota maji au kunywa kahawa. Jiwe ndiyo nafasi yako. Kila mtu analijua lake, na mgonjwa au mzee hahitaji kusimama saa tatu. Asiyekuwa na jiwe anaweka tofali, na yuko mmoja siku zote huweka kandambili. Haliguswi jiwe la mtu. Hata wezi wanaliheshimu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na Badriya, nikaweka jiwe langu, jeusi, kubwa katika yale ya nyumbani, nikawa wa kumi na saba. Nikakaa kwenye baraza ya jirani nikaendelea na kofia, mtoto nimemweka miguuni. Ukungu wa jicho, na usingizi, na sindano. Nilikuwa nasikia tu anachezacheza, kokoto zinagongana, nikasema vyema, katulia.

Duka lilipofunguliwa watu walirudi, nikasikia mtu anapiga yowe. Nikanyanyua uso. Jamani! Foleni haipo. Mawe makubwa yote yamekusanywa kwa makubwa, madogo kwa madogo, matofali yako peke yake pembeni, na kandambili imewekwa mbali kabisa kama mgeni asiyekaribishwa. Na yamepangwa vizuri, Mwanakheri, hakuna lililokosea.

Basi ikawa hapo ni hapo. "Mimi nilikuwa wa tatu!" "Wa tatu wapi wewe, umekuja jua lishatoka?" "Kandambili yangu ilikuwa nyuma ya tofali!" "Tofali la nani?" Mkadam, anayesimamia mstari, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Shamsi, yule fundi saa, alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Bi Kidawa, huyo bubu wako mfunge kamba nyumbani!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilisimama, kofia bado mkononi. Nikamtafuta mtoto, simuoni. Kumbe amepita katikati ya miguu ya watu, amebeba lile jiwe letu jeusi kwa mikono miwili, amelikumbatia tumboni. Akafika mpaka kizingiti cha duka, mbele ya kila mtu, akaliweka chini, akaligonga kwa kiganja akasema:

"La bibi."

Si kwa kunong'ona. Kila mtu alisikia. Bi Thuwaiba, naye alikuwa pale kusubiri mchele, akapiga kigelegele kikatikisa vibao vya madirisha. "Kasema! Kasema huyo!" Mkadam akaanza kucheka. Mzee Shamsi alitazama viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya, Bi Kidawa, tangulia." Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kusema aseme, lakini mie nilikuwa wa tano." Hata hivyo walinipisha. Nilipimiwa mchele wangu mimi wa kwanza, na sikumbuki nilivyoubeba mpaka nyumbani, nakumbuka nilimbeba mtoto.

Tangu siku ile mdomo umefunguka. Maji ya bibi. Kanga ya bibi. Kimejaa, kitupu, njoo, sitaki. Sitaki ndiyo anaipenda zaidi. Maneno niliyommiminia miezi mitatu kumbe alikuwa anayaweka, hakulitupa hata moja. Jana kaniambia "bibi kachoka." Sijui alilipata wapi. Labda nalisema mwenyewe siku nzima.

Kwa hiyo ahadi imetimia. Badriya keshasema, na kabla ya Ramadhani.

Sasa nisikilize, maana hapa pana aibu yangu. Niliposikia lile neno dukani, nilifurahi mno. Lakini tulipofika nyumbani nikafunga mlango, jambo la kwanza lililonijia moyoni ni hili: kwa nini usingenyamaza japo mwaka mmoja zaidi? Mimi niliyemfokea aseme niondokane naye. Nilimtazama anapanga kokoto zake nikaona kwamba nimekaa chini na mtoto huyu miezi mitatu kwa sababu nataka aondoke, na sasa sitaki aende popote.

Jumatatu nilikuandikia barua. Ilikuwa fupi, na herufi zake zilikuwa nzuri kuliko hizi. Nilikwambia mtoto bado hajasema, tumwachie Mungu, tutazame mwakani. Nilishaikunja. Nilikuwa naitafutia bahasha pale mezani, kofia nimeiweka chini, na nyuma yangu nikasikia, "Sindano ya bibi." Nikageuka. Amesimama hatua moja nami, mkono ameunyoosha. Mimi sikuona kitu mkononi. Nilipomsogelea hadi uso kwa uso ndipo nikaiona inametameta kati ya vidole vyake, karibu na jicho lake mwenyewe. Angekuwa bado hasemi, nisingejua. Lakini Mwanakheri, mtoto wa miaka miwili na miezi minane haiwezi siku zote kuwa kazi yake kumwambia bibi yake hatari iko wapi.

Niliichana ile barua. Naandika hii, ya kweli.

Uje umchukue. Uje mwenyewe, usitume mtu. Na usimchukue siku ileile. Ukae wiki nzima, ulale hapa, ushuke chini kwenye mkeka ucheze naye mpaka akuzoee. Mwachie maji ayamwage mwenyewe, hata kama mkeka utarowa. Akitaka kitu usimpe kabla hajakitaja, lakini usimtese, subiri kidogo tu kisha mpe. Akipanga vitu msimpangulie, hata viwe vimeziba njia, na shemegi akikanyaga kokoto avumilie kama nilivyovumilia mimi. Watoto wako wakubwa wasimcheke akikosea. Na muwe mnazungumza naye, mkila, mkioga, mkipika, hata mkiwa na huzuni. Hasa mkiwa na huzuni.

Mimi nitabaki hapa. Makaburi yangu yako hapa, na kofia ya mwisho bado sijaimaliza.

Nisalimie shemegi Masoud, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie wanao wote sita kila mmoja kwa jina lake, na wifi yako Kidude aliyeniletea ile kanga mwaka juzi, bado naivaa. Bi Thuwaiba anakusalimu, na Badriya pia anakusalimu, ingawa bado hajui wewe ni nani. Mungu akupe afya, akukinge na husuda na bahari, akujaalie mkono mwepesi juu ya mtoto wa mwenzio. Barua hii naipeleka posta kesho kabla ya sala ya Ijumaa. Uje upesi, mdogo wangu, maana barua ya uongo nimeweza kuichana mara moja, na ya pili sijiamini.

Dada yako akupendaye,

Kidawa binti Msabah